Akiki Yako na Pua ya Zuhura

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini barua isiyo na shikamoo ungeichana.

Wale waliokuosha walinikabidhi pete yako ikiwa bado na povu la sabuni. Ile ya jiwe jekundu la akiki, uliyokuwa ukisema inakata damu. Niliipokea kwa ajili ya mwanangu Zuhura, na ile pua yake. Unakumbuka jua la Temeke likikaza alivyokuwa akitokwa damu, nawe unamwita, "Njoo mke mwenzangu, jiwe linywe." Unatumbukiza mtungini mkono wenye pete, unamwekea jiwe kwenye paji la uso, na damu inakoma.

Basi baada ya arobaini yako ikamtoka tena. Nikafanya kama wewe, au nilivyodhani. Nikamlaza chali kwenye benchi la karakana huku Keko, jiwe juu ya paji, nikangoja. Damu ikamwingia kooni, akaitapika juu ya meza ya mteja niliyokwisha kuipiga vanishi. Niliogopa sana, Mama. Nilidhani dawa imekufa na wewe.

Ndipo nikaanza kulichunguza jiwe lenyewe. Chumba cha uani nimempangisha Elia, kijana wa Moshi anayesomea miamba. Siku hizi za ruksa ya biashara kila kijana ana kijiwe mfukoni kwenye karatasi ya sigara, anaapa kimetoka machimbo ya Mirerani, nikadhani Elia naye dalali. Kumbe yeye anapenda tu kujua. Akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akanionyesha mistari. Anasema zamani, kabla ya watu, volkano ilimwaga uji wa moto, ukapoa ukiwa na mapovu, yakabaki vishimo vitupu. Maji yakapenya humo yamebeba madini yaleyale ya mchanga, yameyeyuka, yakaacha tabaka jembamba. Yakarudi, tabaka jingine, mpaka shimo likajaa. Nikamwambia ni kama gogo la mninga ukilikata katikati. Akacheka, akasema karibu hivyo, ila mti una haraka.

Wewe ulisema wekundu wake ni damu liliyokwisha kuinywa. Elia anasema ni kutu. Kutu, Mama! Nilikaribia kumfukuza nyumbani. Kisha akaongeza kwamba hata damu yetu ina chuma, na ndicho kinachoipa wekundu, nikamwachia chumba. Nilipomuuliza jiwe linaponyaje, akasema hilo hakufundishwa.

Aliyenijibu bila kuulizwa ni nesi wa zahanati, siku nilipompeleka Zuhura. Pete hata hakuitazama. Alimkalisha, akamwinamisha mbele, akambana pua kwa vidole viwili na kukataa kuachia. Zuhura akanitazama, nami nikamtazama. Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe? Mkono wa kulia wenye pete juu ya paji, sote macho kwenye pete. Wa kushoto umebana pua, na ile hadithi yako ya jiwe lenye kiu haiishi mpaka damu igande. Miaka yote hiyo mie nilikuwa nikitazama mkono mwingine.

Ulikuwa ukijua, Mama? Au nawe uliamini ni jiwe? Nimekukumbuka kwa mengi, lakini hili linanikosesha raha kwa sababu hakuna mwingine wa kumuuliza.

Jana ikamtoka tena. Nikatumbukiza mkono mtungini, pete ikiwa kwenye kidole cha mwisho, maana kwingine hainiingii. Nikamkalisha, nikamwinamisha, nikabana. Nikamsimulia volkano, mapovu, maji yanayorudi na kurudi, na jiwe lenye kiu nikalitia humo humo. Hadithi yako na ya Elia nimezichanganya, unisamehe. Damu ilikoma kabla shimo halijajaa.

Nilimsubiri aniulize kama ni jiwe lililofanya kazi. Yeye alinishika hivi vidole vyangu vilivyoganda gundi, akasema, "Baba, mkono wako wa baridi kama wa Bibi."

Madalali wanaiulizia pete. Sitaiuza. Na mtungi nakuahidi nitaujaza kila asubuhi, nisikutwe na mkono wa moto siku Zuhura akiniita.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Athumani