Wali wa Mdomoni mwa Koko

Jumatatu, 4 Machi 2019. Andoany
Nimefua nepi, nimepika wali. Mama, ambaye Salima wangu anamwita Koko, yaani bibi, kamtafunia mtoto matonge matatu, kama alivyonitafunia mimi utotoni. Mwenyewe kala moja. Eti kashiba. Sketi inampwaya, kaifunga kwa kamba.

Jumamosi, 9 Machi
Choo cha Mama cheusi kama lami. Kanificha siku tatu! Nimemfokea, kisha nikalia. Zahanati wamesema nimpeleke hospitali kubwa ya Mahajanga, upesi.

Jumatano, 13 Machi. Mahajanga
Wamempitishia kamera kooni hadi tumboni. Kuna kidonda. Wamekata kipande kidogo cha nyama wakapime. Mama kamuuliza daktari, "Umeyaona mapishi ya mwanangu? Hajui kutia chumvi." Wakacheka. Mimi sikuweza.

Ijumaa, 15 Machi
Daktari wa utafiti, binti mdogo tu, kaomba damu ya Mama. Kanichorea kwenye bahasha. Ndani ya seli kuna RNA, vijiuzi vya maagizo, ambazo hazitengenezi protini yoyote. Kazi yao kuamrisha: wewe fanya, wewe nyamaza. Kwenye saratani ya tumbo, nyingine huzidi, nyingine hupungua, seli zikakosa wa kuzizuia. Wanatafuta kama damu inaweza kuonyesha mapema.
Itamsaidia Mama?
"Leo hapana, dada."
Nimeuliza saratani hiyo huanzaje. Mara nyingi ni bakteria anayekaa tumboni miaka na miaka, akizivuruga hizo RNA. Si kila aliye naye huugua. Hupatikana utotoni, nyumbani, hata kwa mate.
Nikamtazama Salima. Shavu limejaa wali wa Mama.

Jumanne, 19 Machi
Nimepimwa. Ninaye huyo bakteria. Nimepewa vidonge. Kwa Salima, wamesema tusubiri, ni mdogo.
Nimemwambia Mama mtoto ana meno, atafune mwenyewe. Kanikazia macho. "Siku hizi unanionea kinyaa?" Sikumwambia sababu. Najichukia.

Alhamisi, 28 Machi
Saratani. Watampasua Jumatatu. Daktari kasema wamewahi kidogo. Nimelishika hilo neno "kidogo".
Mama mwenyewe kamuuliza kama bakteria hupita kwa mate. Kaambiwa ndiyo.

Jumapili, 31 Machi
Asubuhi Mama kaomba sahani na kijiko. Kaponda wali taratibu. Salima kakisukuma kijiko, kaenda kufungua midomo ya Koko wake kwa vidole. Mama kaifumba. Kasubiri.
Mtoto kala. Matonge matatu.
Mama kanipa sahani nikaoshe.