Doa Jekundu Upande wa Kwanza

Jumapili, 4 Mei

Basi la saa moja asubuhi. Nimefika Jinja mgongo umekufa ganzi, santuri mapajani njia nzima, nimeifunga kwa leso. Kondakta alitaka kuitupa kwenye buti. Nilimtazama tu, akaacha.

Tulikuwa watatu kama kawaida ya kila baada ya wiki mbili, sebuleni kwa Bwana Harish, juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Yeye, mimi, na Wabwire daktari wa meno, mpenzi wa roki ya makelele. Nadhani masikio yake yamezoea mashine ya kutoboa. Sheria ni zile zile. Kila mtu santuri moja, upande mmoja, hakuna kusema mpaka sindano iinuliwe. Kisha mwenye santuri anaeleza aliipataje.

Leo kwa mara ya kwanza nilipeleka ya baba. Muziki wa bluzi. Mzee mmoja, gitaa lake, na mguu unaogonga sakafu. Wabwire alifumba macho. Nilifurahi kama mtoto. Nikaeleza kwa maringo: marehemu baba, dereva wa jeshi, alinunua santuri kumi na moja hapa hapa Jinja kwa mshahara wake. Kila moja aliitia doa jekundu kwenye karatasi ya katikati, upande alioupenda. Huo tu ndio aliopiga. Nami ndio ninaopiga.

Harish akaichukua. Akapapasa doa kwa kidole gumba. Akasema mama yake alikuwa anatia doa kama hilo. Kumkum, unga mwekundu wa ibada. Kila kitu kipya kilichoingia nyumbani: redio, cherehani, santuri. Kisha akaenda jikoni. Chai ilipoa, hajarudi.

Nimerudi Mbale sielewi kitu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimezishusha zote kutoka kwenye rafu. Kumi na moja. Doa kila moja. Kila moja upande wa kwanza.

Mtu gani anapenda upande wa kwanza mara kumi na moja? Nimefundisha fizikia miaka thelathini. Nimewachapa watoto wa watu kwa kutotazama vizuri. Na hili limekaa mbele ya pua yangu maisha yangu yote.

Harish alikuwa na miaka tisa Wahindi walipofukuzwa nchini, mwaka 1972. Waliondoka na masanduku mawili, nyumba yao ya Jinja ikabaki na kila kitu; alirudi mtu mzima. Hilo nalijua, alishatuambia. Sikuwahi kulifikiria pamoja na rafu yangu.

Jumatano, 7 Mei

Nimemuuliza mama. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Muhindi mmoja alimupa baba yako atunze. Alisema atarudi."

Muhindi gani? Hajui. Mbona hakuniambia miaka yote hii?

"Wewe uliuliza?"

Basi. Baba alikuwa mtunzaji. Nimeshinda mwepesi. Nimepika hata malewa, yale machipukizi ya mianzi, na karanga nikatia za kutosha.

Alhamisi, 8 Mei

Wepesi umekwisha. Nilipanda boda kwenda kwa baba mdogo, mwanajeshi mstaafu. Nilitaka tu aniongezee jina la huyo Muhindi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kupewa? Nani alipewa? Ile wakati mulango iko wazi, watu naingia. Mimi nachukua redio, baba yako nachukua hiyo sahani ya muziki. Sasa unalia nini?"

Nilikuwa silii. Nilianza aliposema hivyo.

Nimwamini nani? Mama humpandisha marehemu mumewe mpaka dari. Baba mdogo hupenda kumshusha kaka yake, tangu zamani. Wote wawili walikuwepo. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia Harish. Amenijibu kwa adabu, na adabu yake imeniudhi kuliko matusi. Hajui kama ni zao. Nyumba nyingi za Kihindu zilikuwa zinatia doa vile vile. "Hajati, usijisumbue." Kuhusu kukutana tarehe kumi na nane hakusema neno.

Kwa hiyo hakuna wa kunithibitishia. Naweza kuzirudisha kwenye rafu, mambo yakaisha. Nataka hivyo. Nataka sana, na naona aibu kuandika.

Namkumbuka baba Ijumaa, akitoka msikitini. Hakugusa santuri kabla ya kunawa mikono tena kwa sabuni. Nilidhani ni mapenzi. Labda ndivyo mtu anavyoshika amana. Au mwizi naye hunawa?

Jumatano, 14 Mei

Nimepiga moja. Nimeizima katikati.

Jumapili, 18 Mei

Nimezipeleka zote. Sikumwambia mama, sikumwambia Harish. Alifungua mlango, akatazama mfuko, akanipisha. Wabwire alikuwa ameshafika.

Nilizipanga mezani. Nilisema siwezi kukaa nazo. Harish alisema tena hana hakika kama ni zao. Nikamwambia mimi pia sina hakika, lakini si zangu, hilo najua.

Mkewe, Bi Nila, alitoka ndani na kisahani cha shaba. Hakuuliza kitu. Alizigeuza moja moja, akachovya kidole, akatia doa jekundu upande wa pili. Kitu kikiingia nyumbani hutiwa doa. Nilisimama na leso tupu mkononi, sijui nitazame wapi.

Harish akaweka ya yule mzee wa gitaa, upande wa pili. Sikuwahi kuusikia. Miaka yote, nusu ya muziki wa nyumbani kwetu sikuujua. Mzee hagongi mguu huku. Anaimba polepole, karibu anaongea.

Sindano ikainuliwa. Sheria ni sheria: wote wakanitazama, nieleze zilipatikanaje. Kwenye basi nilikuwa nimeyapanga maneno ya mama, yamenyooka vizuri. Nikafungua kinywa.

"Sijui baba alizipataje."

Wabwire alitazama viatu vyake. Harish aliitikia kwa kichwa, akanimiminia chai, akaniuliza Jumapili ile nyingine nitaleta nini. Nikalia mbele yao, Hajati mzima. Sijui nilikuwa namlilia baba au mama yake Harish.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefuta vumbi kwenye rafu. Alama za majalada bado zinaonekana kwenye mbao.

Mama alikuja na ungo wake, akakaa, akaitazama rafu.

"Zimefika?"

Nikamwambia zimefika.

Akasema haya, akaendelea kuchagua mchele.