Kalamu Iliruka Alhamisi

Jumatatu, 7 Februari 1994
Wacha wacheke sasa! Juzi usiku Uganda imetetemeka, hata hapa Malaba vyombo vikagongana kabatini. Na kalamu ya mashine yangu, ile inayochora mawimbi ya redio kutoka ardhini, iliruka Alhamisi — kabla! Walimu wenzangu wote stafurumu walikuwa wananiita mganga wa redio. Leo wananisalimia kwa adabu.

Jumatano, 9 Februari
Daktari Amollo kapiga simu kutoka Nairobi. Mashine ni ya chuo chake, mimi mwalimu wa fizikia naitunza tu. Anataka tuandike makala, mimi na yeye. Ikitoka, nafasi ya digrii ya pili ni yangu. Nafasi niliyonyimwa mara mbili. Nimeimba njia nzima.

Jumamosi, 12 Februari
Kalamu imeruka tena. Nikatoka nje, nikangoja ardhi. Wapi! Nyuma ya ukuta wa shule, Okiror, fundi wa malori, alikuwa anachomelea chesisi ya trela. Nikamwomba azime. Kalamu ikatulia. Akawasha — ikaruka. Alhamisi ile? Anasema alichomelea kutwa, maana mpaka wa Uganda ulikuwa umefungwa na malori yamejaa.

Jumapili, 13 Februari
Sikwenda misa. Nimepitia miruko yote ya mwaka mzima, siyo ile ya kabla ya mitetemeko tu. Mingi haikufuatwa na kitu. Na mitetemeko mingine ilikuja kalamu imelala. Nimelia. Halafu nikakasirika, na hasira imenifaa zaidi.

Jumatano, 16 Februari
Daktari amefika na makala imeshapigwa chapa, jina langu chini ya lake. Imebaki sahihi yangu tu. Nimemweleza yote. Anasema tubaki na Alhamisi, miruko mingine ni kelele, tuitoe. Nikamwuliza, Alhamisi tutajuaje si kelele? Akanisogezea karatasi.

— Apeduno, unajua ni wangapi wanaitaka hii nafasi?

Najua. Hakuna anayeitaka kunishinda. Lakini sitaingia chuo kwa moto wa Okiror!

Nimemwambia aketi karibu na mashine, aitazame kalamu, narudi sasa hivi. Niko nyuma ya ukuta, naandika nimesimama. Okiror ameshavaa miwani.

— Niwashe mara ngapi, mwalimu?

Mpaka Daktari atoke nje, nimemwambia.