Waliopanda Jukwaani Kumtunza Lagu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kupotea kwa Lagu Yangi, mwimbaji
Jina: Fortunato Jada
Umri: miaka 52
Kazi: fundi redio, pia mpiga ngoma, kwa wale wanaokubali kuiita ile kupiga ngoma
Makazi: Hai Mauna, Juba

Leo Jumatatu, tarehe 13 Machi 2017, naandika kwa mkono wangu mbele ya Sajenti Konga. Sote wawili tuliishi Uganda, kwa hiyo tumekubaliana iwe Kiswahili.

Mwaka 2012, kabla ya vita, kikundi chetu kilicheza mchezo wa nyimbo, Harusi ya Rejaf. Ulijaza ukumbi miezi minne. Sajenti mwenyewe aliuona mara tatu, na bado analalamikia ngoma yangu. Lagu alikuwa bwana harusi, Teresina bibi harusi. Baadaye wakaoana kweli, hadi kanisani. Mimi nilikuwa mjomba mlevi, nafasi ambayo haikunihitaji mazoezi.

Mwaka huu tukatoa Harusi ya Rejaf ya Pili. Watu walitaka kucheka, sisi tukawaletea ndoa yenye vita ndani. Ng'ombe wa mahari wameibwa, bwana harusi anawatafuta huku akiimba: "Waliopewa bunduki wawalinde ndio waliowachinja." Nilimwambia Lagu, "Kijana, mstari huu una meno." Akacheka. "Mjomba, ni mchezo tu. Wewe piga ngoma yako mbovu."

Tulicheza Jumamosi. Mnamo Jumapili tarehe 12, saa tisa alasiri, tulianza tena, nusu ya viti vikiwa vitupu. Tulipofika wimbo wa ng'ombe, wanaume watatu waliinuka safu ya mbele wakapanda jukwaani. Hakuna aliyeshtuka. Kwetu mwimbaji akikufurahisha unapanda, unambandika noti kwenye paji la uso, unacheza naye kidogo, unashuka. Tangu vita vianze hakuna aliyekuwa amepanda. Nilifurahi. Nikapaza sauti, "Karibuni wajomba, mtunzeni bwana harusi!" Nikazidisha ngoma.

Wawili walimshika Lagu mikono. Wa tatu, mwenye miwani myeusi, alimwambia, "Wewe iko mwimbaji ya ng'ombe? Kuja, mkubwa nataka sikia." Lagu alinitazama. Watu wakapiga vigelegele. Walimtoa kwa mlango wa nyuma, wakifuata mdundo wangu, nami, Mungu anisamehe, sijawahi kupiga vizuri namna ile.

Teresina ndiye aliyeelewa. "Mjomba, nyamaza! Wanamchukua!" Nilipofika nje, gari lisilo na namba lilikuwa limeshika njia ya uwanja wa ndege.

Sajenti anataka niseme Lagu aliondoka kwa hiari yake, kwa kuwa hakupigwa. Anasema, "Mzee, andika tu hivyo, kalas, uende ukalale." Ni kweli hakupigwa. Lakini mtu anayeondoka kwa hiari hashikwi mikono yote miwili. Tena mkewe ameketi nje ya kituo tangu asubuhi, na mimi nikitoka ni lazima nipite mbele yake. Siandiki.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Nimeyasoma tena, sipunguzi neno.

Sahihi: F. Jada

Maelezo ya ofisa: Shahidi amekataa kuongeza maneno "kwa hiari". Anabaki kituoni hadi mkubwa afike. Mke wa aliyepotea ameambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa hakuna shahidi aliyejitokeza.
Sjt. Konga