Shimo la Siku Mbili

Kangemi,
20 Februari 1972

Dada Kanyiva,

Huku kwangu mke wangu Syokimau na watoto hawajambo, mgongo wangu peke yake ndio umenuna. Goti lako je?

Umeniuliza kazi yenyewe ni nini. Ucheke polepole. Nachimba shimo, namwaga maji, halafu nakaa na rula na saa nikiyaangalia yakipungua. Yakinywewa vizuri naandika kwamba ardhi inafaa, nyumba zinaweza kuchimbiwa mashimo ya maji machafu. Yakikaa, hapafai. Yaani mtu wa miaka hamsini anacheza na matope, tena kwa mshahara.

Kanuni ni kwamba siku ya kwanza unalowesha tu, unapima siku ya pili. Lakini wiki jana, huko nyuma ya Ngong Road, lori la maji lilichelewa na jua lilikuwa kali, nikapima siku hiyo hiyo. Maji yalitoweka kabla sijafungua chai yangu. Nikatia sahihi, nikaenda kulala.

Ndugu yako mdogo,
Nzuki

Machakos,
6 Machi 1972

Mdogo wangu Nzuki,

Sisi wazima kwa neema ya Mungu, na goti ni la mwanamke mzee, liache.

Sasa sikia. Hayo matope yako ni yetu. Shamba hilo la nyuma ya Ngong Road ndilo chama chetu cha akina mama kinalonunua. Jumapili baada ya ibada wengine walisitasita. Mama Muthama alisema udongo mweusi una tabia zake. Nikatoa karatasi aliyotupatia muuzaji, nikawaonyesha sahihi yako. Nikasema, huyu nimembeba mgongoni, hawezi kunidanganya. Wote wakakubali. Tunalipa baada ya Pasaka, halafu uzoee kuniona kila siku.

Dada yako

Kangemi,
27 Machi 1972

Dada,

Nyumbani hatujambo. Barua yako imekaa mfukoni mwangu siku nyingi, usiilaumu posta.

Jumamosi nilirudi kule na jembe langu. Wakati wa kiangazi udongo ule una nyufa za kuingiza mkono, siku ya kwanza unakunywa chochote unachoupa. Nikalowesha. Jumapili sikuenda kanisani, nikajaza tena. Nimekula, nimesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, maji bado yananitazama. Mvua ikija, uchafu wenu utarudi mlangoni.

Nimemwambia mkubwa wangu, Bwana Wahome, afute ripoti. Akauliza kwa nini sikulowesha. Nikasema nilichoka. Aliandika neno hilo hivyo hivyo. Sasa nimeondolewa mashimoni, napanga mafaili ofisini mjini.

Msilipe. Waambie akina mama kosa ni langu.

Ndugu yako, kama bado,
Nzuki

Machakos,
8 Mei 1972

Mdogo wangu,

Tu wazima, mvua tu imetuchosha. Nilinyamaza kwa sababu kwanza nilikasirika, halafu nikaona haya, halafu palizi ikanishika.

Hatukulipa. Niliwasomea barua yako yote, hata pale ulipochoka. Mwishowe Mama Muthama akauliza, "Na hilo shimo la pili, alichimba mwenyewe? Na huo mgongo wake uliotuambia?"

Nikasema, mwenyewe.

"Basi tutafute mahali pengine, na apime huyo huyo."

Habari za mafaili sikuzirudia, wamezisikia mara moja inatosha. Tumeonyeshwa kipande huko Kangemi, udongo mwekundu. Omba ruhusa ya siku mbili. Nitakuja nikae kando ya shimo, siku zote mbili, na goti langu. Sikuchungi. Ukichoka, utanipa mimi rula.

Dada yako