Saa Elfu Moja za Esperansi

Louisville, Kentucky

Mdogo wangu Leokadia,

Umeamkaje huko Kasulu? Goti limekubali kupanda mpaka kanisani, au bado unasali kitandani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku huingia mifupani bila kubisha hodi. Safari hii nakuandikia kutoka kwa mwanangu Daudi, si kutoka Columbus ulikozoea. Nina habari ya mjukuu wetu Esperansi, na nimeona niiandike, maana kwenye simu ningelia.

Unajua alimaliza chuo kwa alama nzuri. Siku moja akaniambia, “Babu, nataka kusomea kazi ya msaidizi wa daktari.” Moyo ukaniuma. Unawakumbuka wasaidizi wa zahanati ya kambi ya wakimbizi: kupima watoto uzito, kusuuza vipimajoto, kufukuza kuku mlangoni.

“Alama zote hizo,” nikamwambia, “ili umbebee mtu mkoba?”

Akaanza kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wa huku, kisha akarudi kwenye lugha yetu. “Babu, kambini nani alikutibu kifua?”

“Tabibu.”

“Alikuwa daktari?”

“Hapana.”

“Lakini alikupima, akajua ugonjwa, akakuandikia dawa?”

“Na nikapona.”

“Basi ndiyo kazi yenyewe. Ni jina tu limekudanganya.”

Alisema kweli, Leokadia. Yule tabibu tulikuwa tunamvulia kofia.

Tangu hapo nilianza kuuliza mlango wa shule ya kazi hiyo ukoje, na kila nilichosikia kilinishangaza. Wastani wa alama usipungue tatu katika nne, na wanaochukuliwa huwa wamevuka hapo. Biolojia, kemia, elimu ya mwili wa binadamu, vyote. Juu ya hayo wanadai saa ambazo mwombaji amemhudumia mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Shule aliyoitaka, iliyoko Buffalo, ilidai saa elfu moja. Yeye alikuwa amekaa miaka miwili Columbus akiwatafsiria wazee wetu kliniki, akidhani amezimaliza zamani. Jibu likaja: kumsemea mgonjwa hakuhesabiwi.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alikunja ile karatasi, akahamia huku Louisville kwa baba yake mdogo Daudi, akaajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawapima shinikizo la damu, anawageuza ubavu ngozi isichubuke. Nguo zake zikaanza kunuka dawa na sabuni. Saa zikaanza tena kutoka sifuri, na kila akitoka kazini alikuwa anafungua kitabu cha kemia, somo lililomwangusha mwaka ule tulipomzika wifi yako.

Zilipotimia, akaitwa Buffalo kwa mahojiano. Akanipitia nyumbani kwangu, mtaa wa Linden kule Columbus, twende pamoja. Njia nzima alikuwa anataja mifupa ya mkono kama mtu anayesali rozari. Nilimsubiri kwenye benchi la ukumbini, nikiwatazama vijana wenzake waliovaa suti, wengine watoto wa madaktari. Nikajisemea: huyu alizaliwa chini ya turubai.

Yaliyosemwa ndani alinisimulia tukirudi. Walimuuliza, “Mbona kemia ulipata alama ya chini mara ya kwanza?”

Akawajibu, “Sikuielewa. Nimeirudia. Niulizeni sasa.”

Na kweli wakamuuliza, akajibu.

“Mbona hukuwaambia bibi yako alikuwa anakufa?” nikamuuliza. “Wangekuhurumia.”

“Babu, Bibi si kisingizio.”

Nikageukia dirisha, nisimwonyeshe uso. Nimesoma vitabu vingi maishani, mdogo wangu, lakini sentensi hiyo sikuwahi kukutana nayo.

Nikaja naye mpaka huku kusubiri jibu. Jumanne asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, simu yake ikaita. Alisikiliza amesimama, mkono mdomoni. Kisha akasema, “Wamenichukua.” Daudi alipiga kelele, jirani akatoka nje. Mimi niliweka kikombe mezani, nikamtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlima kwa karibu.

Punde nikamwona anafunga kamba za viatu vya kazi.

“Unakwenda wapi? Saa zako si zimetimia?”

“Zimetimia, Babu.” Akachukua funguo. “Lakini yule mzee wa kugeuzwa hajui kama zimetimia.”

Akaenda.

Nisalimie shemeji Venansi, mumeo, na dada yetu mkubwa Yustina. Yustina msomee polepole, masikio yake nayajua. Mkumbuke pia katekista aliyewafundisha wanangu kusoma. Daudi na mkewe wanakuamkia. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi kaka yako,
Melkiori