Nyumba ya Kumi na Saba Haina Lango

Jumatatu, 3 Machi

Kifaranga amelamba kompyuta sasa hivi! Nimegeuka kukunja nepi tu, narudi, kioo chote mate mpaka kwenye kona, na yeye anacheka na meno yake manne. Nimefuta kwa upindo wa nguo. Kompyuta si yangu, ni ya ofisi. Ikifa hii, na mimi nimekufa.

Bi Nukta amepiga simu. Ndiye msimamizi wangu — jina nimempa mwenyewe, maana nukta moja ikikaa vibaya kwenye ramani hapati usingizi. Mpaka jana kazi yangu ilikuwa kuchapa majina ya mitaa. Leo amenipa kubwa: nitengeneze databesi ya ramani ya mji wa uongo. Nyumba hamsini za uongo, barabara za uongo, zahanati ya uongo. Mafundi wao wataijaribia tovuti ya kuonyesha watu njia, ili ikikosea iwapoteze watu wasiokuwepo. Hapo nimepapenda.

Ikisimama, Ijumaa saa tatu asubuhi nifike ofisini mwenyewe, na kompyuta yao, nitie saini ya kazi ya kudumu. Nisipofika, yuko mwingine anayesubiri. Mimi! Wa shule ya msingi na miezi mitatu ya kompyuta!

Shida ni lango. Mama mkwe analifunga kwa kufuli na ufunguo unalala kifuani mwake. Mke wa shemeji mkubwa alitoka siku moja kununua sabuni, mjukuu wa Mama mgongoni, hakurudi. Tangu hapo ndiyo kufuli. Leo siku ya kumi na mbili sijakanyaga barabara. Baba Kifaranga, huko kazini kwake mbali, anasema nivumilie, Mama atazoea. Atazoea nini? Anayezoea ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimefuata karatasi ya maelekezo, kidole kwenye mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaingiza nukta ya kwanza. Ikakataa! Eti haijui nukta ni kitu gani. Kumbe databesi ikizaliwa inajua majina na hesabu tu, mambo ya ramani lazima uiongezee kiendelezi chake. Amri moja, mstari mmoja. Nikaongeza, ikakubali. Nimemrusha Kifaranga juu kwa furaha mpaka akacheua.

Halafu — balaa. Nafungua ramani, mji wote uko baharini. Zahanati, soko, shule, vyote vimezama. Nilianza na latitudo, yenyewe inataka longitudo kwanza. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anachambua maharage. Akauliza mbona bluu tupu. Nikamwambia nimezamisha watu mia mbili. Akasema, basi hiyo kazi umejaliwa.

Sijui kama ulikuwa mzaha. Midomo ilicheza kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaopoa wote, wako nchi kavu.

Ila nyumba za kubuni zimeniishia kichwani. Hamsini ni nyingi! Ya kumi na saba nikachora hii hii ninayokaa: chumba changu, jiko la nje, tangi, ukuta. Umbo tu, nikalipandikiza katikati ya mji wa uongo. Nani atajua?

Alasiri fundi wa programu kapiga simu. Mcheshi huyo, ana sauti ya mtangazaji wa redio.

"Mama Kifaranga, nyumba zote zina njia ya kwenda zahanati, isipokuwa ya kumi na saba. Tovuti inasema hakuna njia. Hao watu wako wanatokaje? Wanaruka ukuta?"

Alicheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Nikafungua nione. Ukuta nimeuchora pande zote nne na kuufunga. Sikuweka lango. Nyumba arobaini na tisa nimeziwekea, hii sikukumbuka hata kidogo.

Kifaranga alikuwa amelala. Nilikaa nautazama ule mstari. Kisha nikaukata, nikaweka lango, nikajaribu mwenyewe. Zahanati: dakika tisa kwa miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Imesimama! Bi Nukta kapitia nukta moja moja, kasema "sawa". Kwake yeye hayo ni vigelegele.

Nimemwambia Mama mkwe. Kesho saa tatu, adhuhuri nimerudi. Kifaranga nitakwenda naye au nitamwacha, aamue yeye. Kaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Baadaye kaja chumbani, kajifanya anatafuta beseni. Akataka kuuona huo mji. Macho yake si mazima, lakini tangi alilijua.

"Hii si nyumba yangu?"

Nikasema ni mfano tu. Akaufuata ukuta kwa kidole, upande kwa upande, polepole, kidole kikasimama penye lango.

"Hapa hakuna lango. Hapa ni nyuma ya chumba chako."

Wallahi sikuwa nimeona! Nililikata palepale ninapolaza kichwa.

"Kwenye ramani lipo, Mama."

Limenitoka. Tangu niolewe sijawahi kumjibu hivyo. Kaondoka bila beseni.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili kasorobo. Nimeoga, nimevaa gauni la maua. Kompyuta iko mkobani. Kifaranga nilimvika viatu, kimoja keshakivua na anakitafuna.

Mama mkwe alinimiminia chai, akaiweka mlangoni, akaenda zake. Kikombe kizuri, kile cha wageni. Ndiyo nini sasa? Heshima, au kunihesabu mgeni?

Simchukii. Naliona pengo la yule mjukuu analoliangalia kila anapombeba Kifaranga. Asubuhi nzima natafuta namna ya kumwambia. Sitaki kutoroka, Mama, nataka kutoka. Tofauti ni silabi moja, lakini mdomoni mwangu imekuwa mlima.

Nasikia funguo uani. Kufuli lile likifungwa linalia, likifunguliwa linalia vilevile. Nyayo zinarudi. Mpaka ofisini ni nusu saa ya kutembea, na saa inakimbia.

Ananiita! "Mama Kifaranga! We Mama Kifaranga!" Abee Mama, nakuja! Mtoto nimeshambeba, na mkoba nimeutia begani, na akiniuliza mkoba wa nini nitamwambia —